Kikosi cha 2019 au cha 2023: Ukiambiwa Uchague Kimoja Ukacheze Nacho Ndondo

Wiki iliyopita kikao cha timu yetu ya mtaa kilivunjika saa nne usiku. Kahawa imekwisha, kashata zimekwisha, na fomu ya usajili ina majina kumi na moja tu kati ya ishirini yanayotakiwa. Si kwamba wachezaji hakuna. Hapa Ngamiani, Tanga, ukirusha jiwe Barabara ya Kumi na Mbili litampata namba nane. Kilichotukwamisha ni hoja iliyozuka katikati ya kikao: ndondo ya mwaka huu, yale mashindano ya soka ya mitaani, tuingie na kikosi "cha Amunike" au "cha Amrouche"?

Kwa asiyekaa baraza letu, hiyo ni lugha ya mkato. Cha Amunike ni Taifa Stars iliyokwenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Misri mwaka 2019 chini ya Emmanuel Amunike, Mnigeria. Maana yake kwetu: watu wazima, wazoefu, wa nyumbani, waliozoeana. Cha Amrouche ni ile ya AFCON 2023, ambayo ilichezwa Januari 2024 kule Ivory Coast chini ya Adel Amrouche. Hiyo maana yake: piga simu nje, leta watu. Wazee wanataka ya kwanza. Vijana wanataka ya pili, na tayari wameshahesabu nauli za mamluki watatu, wachezaji wa kukodi kutoka nje.

Mimi ndiye katibu, kaunta buku iko kwangu, nikaambiwa: "Mgosi, wewe unayeandika andika, hebu vipange hivyo vikosi viwili pembeni kwa pembeni tuone." Nimevipanga. Nimeweka hapa pia kwa sababu najua kuna timu nyingine, iwe Makorora, iwe Pangani, iwe popote, iliyokaa na fomu ileile na ubishi uleule.

(Ya Morocco 2025 siigusi. Hiyo kila mtu ameiona juzi na kila mtu ana maoni yake ya moto. Hizi mbili zimepoa, zinashikika.)

Walivyofuzu

Anzia hapa, maana namna timu inavyoingia mashindanoni inakuonyesha tabia yake.

Kikosi cha 2019 kilifuzu tarehe 24 Machi 2019, Uwanja wa Taifa, kwa kuipiga Uganda 3-0. Msuva akafunga, Erasto Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akamalizia. Tulikuwa tumekaa miaka 39 bila kwenda, tangu ile ya Nigeria 1980. Mtu aliyekuwa hai siku hiyo hawezi kukwambia alikuwa anafanya kazi gani kesho yake, kwa sababu hakuna aliyefanya kazi.

Kikosi cha 2023 kilifuzu tarehe 7 Septemba 2023 mjini Annaba, ugenini, kwa sare ya 0-0 na Algeria. Hakuna bao, hakuna shangwe ya kurusha viti, watu dakika tisini wanaangalia saa.

Kimoja kiliingia kwa kufunga mabao, kingine kwa kufunga mlango. Shika hilo, tutalirudia.

Waliokutana nao

Hapa nitapita haraka, ila lazima lisemwe kwa sababu wapinzani wa kikosi cha 2019 hulisahau. Kundi lile lilikuwa na Senegal, Algeria na Kenya, na fainali ya mashindano yale ilikuwa Algeria na Senegal, Algeria wakabeba kwa 1-0. Yaani tulipangwa na timu zote mbili za fainali. Ile ya 2023 tulikuwa na Morocco, walioshika nafasi ya nne Kombe la Dunia 2022, pamoja na Zambia na Congo DR, na Congo wakafika nusu fainali. Hakuna kundi la mteremko hapo. Lakini ukinibana niseme lipi lilikuwa gumu zaidi, nasema la Misri.

Namba zilivyo

2019: mechi tatu, tumefungwa zote. Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Mabao tuliyofunga mawili, tuliyofungwa manane, pointi sifuri.

2023: mechi tatu, tumefungwa moja. Morocco 3-0, Zambia 1-1, Congo 0-0. Tuliyofunga moja, tuliyofungwa manne, pointi mbili.

Kijana mmoja barazani alipoziona akapiga kofi: "Imeisha hiyo, cha Amrouche!" Tulia kwanza. Ukiishia kwenye namba utachagua kikosi sahihi kwa sababu ya uongo, halafu uongo huo ndio utakaokugharimu pesa ya nauli.

Mbele

Tukiangalia washambuliaji, kikosi cha 2019 kilikuwa na Mbwana Samatta akiwa kwenye kilele. Miaka 26, ametoka kubeba ubingwa wa Ubelgiji na Genk, na miezi michache mbele yake Aston Villa wanamsubiri. Pembeni yake Saimon Msuva, wakati ule anacheza Morocco na Difaâ El Jadida. John Bocco, nahodha wa Simba iliyokuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu uleule. Thomas Ulimwengu yupo. Kwa makaratasi, sijaona safu ya mbele ya Stars iliyonona kama ile katika umri wangu.

Kikosi cha 2023 kina Samatta yuleyule, sasa ana miaka 31 na yuko PAOK ya Ugiriki. Msuva yuleyule, miaka 30. Halafu ndipo inapokuja ile orodha iliyowapagawisha vijana wetu: Tarryn Allarakhia wa Wealdstone, Ben Starkie wa Basford United, Mohamed Sagaf wa Boreham Wood, Charles M'Mombwa kutoka Australia, na dogo Cyprian Kachwele aliyekuwa Vancouver. Majina yana lafudhi, picha zina baridi. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walikuwa wameongeza nafasi kutoka wachezaji 23 wa mwaka 2019 hadi 27, kwa hiyo nafasi za kujaribu watu zilikuwepo.

Basi nikawauliza barazani swali moja: mabao yote ya Stars katika AFCON hizo mbili, mechi sita, nani kayafunga?

Kimya. Mmoja akaanza kuhesabu vidole.

Ni matatu tu. Msuva dhidi ya Kenya, Samatta dhidi ya Kenya, Msuva dhidi ya Zambia. Basi. Na lile la Zambia Msuva alimalizia pasi ya Samatta, kama ambavyo lile la kwanza dhidi ya Kenya lilitokana na shuti la Samatta lililopanguliwa na kipa Matasi, Msuva akaliwahi. Miaka minne na nusu imepita, kocha amebadilika, nafasi zimeongezeka, simu zimepigwa mpaka Vancouver, na bao bado linatoka kwa wale wale wawili.

Siwasemi vibaya vijana waliotoka Uingereza. Wamevuka bahari kuja kuvaa jezi ya nchi ya baba zao, hilo ni jambo la heshima, na ligi za chini za kule si za mchezo, kuna mabeki wanakula fundo za miguu. Nasema tu kwamba mshambuliaji aliyekutana na wenzake wiki mbili kabla ya mashindano hajui Samatta akigeuza bega la kushoto mpira unakwenda wapi. Msuva anajua. Amejua tangu zamani.

Kwa upande huu, basi, chagua cha 2019. Watu walewale wakiwa na miguu ya umri wa miaka 25 na 26, na Bocco anawasubiri benchi au pembeni. Sioni ubishi.

Nyuma

Hapa ndipo penye mgogoro.

Mechi ya Kenya, Juni 27, 2019, mjini Cairo. Kwetu ilikuwa usiku mnene. Nilitazama kwenye kibanda cha Barabara ya Nane, watu wamebanana mpaka mwenye kibanda mwenyewe amesimama nje anachungulia dirishani. Dakika ya sita Msuva. Dakika ya 39 Michael Olunga anasawazisha kwa tikitaka. Watu hawajamaliza kushika vichwa, dakika ya 40 Samatta. Mapumziko tunaongoza 2-1, na jirani yangu ameshaanza kupiga hesabu za nafasi ya tatu bora.

Kipindi cha pili ukikitazama tena leo, usitazame mpira. Tazama mabeki wetu. Kelvin Yondani, Erasto Nyoni, watu waliovuka thelathini, mabeki waliolea klabu kubwa mbili za nchi hii. Akili ipo, miguu inachelewa. Dakika ya 62 inapigwa kona, Johanna Omolo anaruka peke yake kama anachuma embe la kwake. Dakika ya 80 Olunga tena. Tuliongoza mara mbili katika mechi moja na tukatoka mikono mitupu. Siku ile kutoka Barabara ya Nane hadi nyumbani sikusalimiana na mtu.

Sasa weka pembeni mechi ya Zambia, Januari 21, 2024, San Pedro. Dakika ya 11 Msuva. Dakika ya 44 Rodrick Kabwe wa Zambia anakula nyekundu. Tuko kumi na moja kwa kumi, kipindi kizima kimebaki. Na tukasawazishiwa dakika ya 88, kichwa cha Patson Daka.

Wazee wanasema: si ndiyo hiyohiyo? Uongozi umepotea, kichwa kimepigwa, tofauti iko wapi?

Tofauti ni kwamba Omolo alikuja dakika ya 62 na baada yake tukafungwa tena. Daka alikuja dakika ya 88, na baada yake tukabaki na pointi. Halafu siku tatu baadaye, Korhogo, timu ileile ikawazuia Congo dakika zote tisini, Congo hawa waliokwenda kufika nusu fainali. Hata ile 3-0 ya Morocco ukiitazama vizuri ilikuwa 1-0 mpaka Novatus Miroshi alipotolewa kwa kadi dakika ya 70. Mabao mawili ya mwisho yalikuja dakika ya 77 na ya 80, tukiwa kumi. Kama tungelinda zile dakika mbili za San Pedro tungekuwa na pointi nne, nafasi ya pili kwenye kundi, tunaingia hatua ya mtoano. Nikilifikiria hilo mpaka leo kahawa inapoa mkononi.

Na mabeki hao ni akina nani? Hapa ndipo vijana wetu waliposhikwa. Bakari Mwamnyeto, Ibrahim Hamad "Bacca", Dickson Job, wote wa Yanga, wanaonana mazoezini kila siku ya Mungu, klabu yao imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika miezi michache nyuma. Mohamed Hussein wa Simba. Mwamnyeto mwenyewe kabla ya Yanga alikuwa Coastal Union, hapa hapa Tanga, tumemwona uwanja wa Mkwakwani akiwa bado anajifunza kupiga kelele. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, yumo, na namkubali. Lakini uti wa mgongo ulikuwa wa Ligi Kuu yetu.

Kwa hiyo kikosi kile kinachosifiwa kwa mapro wa nje kilipata pointi zake kwa mabeki wa nyumbani. Na kikosi kinachosifiwa kwa wazoefu wa nyumbani kilivuja kwa sababu wazoefu wale walikuwa wamechoka. Pande zote mbili barazani zilikuwa zinatetea kikosi chao kwa sababu isiyo yake.

Katikati, maneno machache

Himid Mao yumo kwenye vyote viwili. Feisal Salum yumo kwenye vyote viwili, wa kwanza akiwa na miaka 21, wa pili ametimiza 26. Mudathir Yahya vilevile. Ukiniuliza mimi, Feisal wa 2023 ndiye niliyemtaka, amekomaa. Na Novatus, kadi yake ikisamehewa, ni kiungo ambaye kikosi cha 2019 hakikuwa na wa kumfananisha: kijana aliyekuzwa hapa nyumbani, na kabla ya AFCON alikuwa ameshacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Cha 2023 kinashinda hapa, si kwa mbali.

Benchi la ufundi

Amunike alimaliza mashindano yake, akaondoka baada ya kurudi. Amrouche hakumaliza. Baada ya mechi ya Morocco alifungiwa na CAF kwa maneno aliyosema, TFF, shirikisho letu la soka, wakamsimamisha, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman "Morocco", msaidizi wake Juma Mgunda. Mtu wa Tanga akilisikia jina la pili lazima akae vizuri kwenye kiti. Mgunda ni Coastal, alicheza na baadaye akafundisha. Sare zote mbili zilipatikana chini ya wawili hao.

Mimi silitumii jambo hili kumbeza Amrouche, maana ulinzi ule ndiye aliyeujenga, na Annaba ilikuwa kazi yake. Ila lina maana kwa mtu anayepanga timu ya ndondo. Kikosi cha 2023 kilipoteza kocha katikati ya mashindano na hakikuanguka. Kikosi chenye mabeki wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe kinaweza kuishi siku mbili bila kocha. Mwalimu wetu anafanya kazi bandarini kwa zamu, kwa hiyo hili ni la kutufaa kabisa.

Sasa, fomu

Hapa lazima nikiri dhambi. Mwaka jana mimi ndiye niliyeandika majina ya mamluki watatu kwenye hiyo kaunta buku. Washambuliaji wote watatu, kutoka nje ya mkoa. Nauli ya basi kuja na kurudi, chakula, posho, na mmoja akataka viatu. Robo fainali tunaongoza 2-0 hadi dakika ya sitini na kitu. Namba nne wetu, fundi makenika, akaumia paja. Nikageuka benchi kutafuta beki. Benchi nimekaa na washambuliaji wawili, winga mmoja na mtoto wa kubeba maji. Tukaingiza winga. Tukafungwa 3-2, mbuzi wa zawadi akaenda mtaa wa pili, na tulisikia harufu ya mchuzi wake usiku kucha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague kipi, simjibu kwa neno moja. Namuuliza kwanza mashindano yake yakoje.

Kama ni ligi ndogo ya makundi, mnacheza mechi nyingi, na kufungwa moja hakuwatoi, kikosi cha 2019 kina mvuto wake. Kinafungua mechi. Bao mbili ndani ya dakika arobaini si mchezo, na mashabiki wa mtaa wanalipa kiingilio kuona bao. Chukua washambuliaji waliokua pamoja, hata kama ni wale wale kila mwaka, hata kama watu wamewachoka. Kuchokwa si kigezo.

Kama ni mtoano, na ndondo nyingi za kwetu ni mtoano, dakika zikiisha mnakwenda moja kwa moja penalti, chukua cha 2023 na usitazame nyuma. Sare kwako ni nusu ya ushindi. Mabeki wanne wanaotoka sehemu moja, wanaojuana kwa sauti, hata gizani. Na kama una pesa ya mtu mmoja wa kutoka nje, usimpe namba tisa, ya mshambuliaji. Mpe namba sita, ya kiungo mkabaji.

Kuhusu benchi nimejifunza jambo moja ambalo vikosi vyote viwili vinanifundisha kwa kosa: hesabu ni nani utamwingiza dakika ya 75 ukiwa unaongoza kwa bao moja. Kama jibu linakuchukua zaidi ya sekunde tano, hujamaliza usajili.

Tulirudi barazani juzi, nikawasomea haya. Mzee wa kamati akasema nimewasaliti wazee, vijana wakasema nimewasaliti vijana, kahawa ikaongezwa. Lakini fomu ikasogea. Mabeki wanne ni wavuvi wa Deep Sea, wote wanatoka chombo kimoja, na yule wa kulia ukimsikia akiita "rudi!" hata mwamuzi anarudi. Mbele tumewarudisha ndugu wawili waliocheza pamoja tangu shule ya msingi, mmoja ana miaka 29 na kitambi kidogo, tumekubaliana nacho. Mamluki ni mmoja tu, kiungo mkabaji, anatoka Muheza, nauli yake inalipika.

Majina kumi na tisa yameshaandikwa kwa wino. La ishirini liko wazi, ni la kipa wa akiba, kwa sababu yule tuliyemtegemea amepata safari ya Pemba. Kama unadaka na unakaa karibu, njoo Ijumaa baada ya swala na picha mbili za pasipoti. Glovu tunazo.